Kalkulasi Tu

Ayuma alimwacha babake ale kwanza. Andati akiwa na njaa hasikii la mtu, na habari aliyokuja nayo msichana huyu haikuwa ya kupewa mtu mwenye njaa. Mamake, Beldina, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango apate upepo, miguu ikiwa bado na vumbi la soko la Gikomba alikoshinda akiuza nguo za watoto. Nyumba yao ni chumba kimoja cha kupanga cha serikali ya kaunti pale mtaa wa Ziwani, kimegawanywa kwa pazia, na jirani akipiga chafya unaweza kumwambia pole bila kuinuka kitini. Ndiyo maana Ayuma alishusha sauti. Hakutaka safu nzima ya nyumba isikie.

"Matokeo yametoka, baba," akasema. "Nimepita yote. Imebaki Kalkulasi Two."

Andati aliacha kutafuna. "Imebaki nini?"

"Kalkulasi Two."

Chuoni alikokuwa akisomea diploma ya uhandisi wa ujenzi, kalkulasi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza alikuwa ameipita. Ya pili, ile ya kuitumia kalkulasi kupimia mambo ya wajenzi, matangi na mitaro na kuta zilizopinda, ilikuwa imemwangusha. Lakini hakuna mwanafunzi wa Nairobi anayesema kalkulasi ya pili. Wanasema One, wanasema Two, na hiyo Two midomoni mwa watu wa Eastlands haina tofauti yoyote na tu yetu ya kila siku, ile ya maji tu, chai tu, salamu tu. Binti alisema two. Baba akasikia tu.

"Kalkulasi si ulipita mwaka juzi?" Andati akauliza.

"Hiyo nilipita, ndiyo."

Uso wa mzee ukakunjuka. Akamgeukia mkewe, akamwambia asikie mwenyewe, mtoto amepita yote na imebaki kalkulasi tu. Halafu akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba hiyo. Siku hiyo walikuwa wamechinja kuku, na kwao kuku akichinjwa firigisi ni ya baba, hata awe amechelewa huwekewa. Andati aliitoa kwenye sahani yake akaiweka kwenye ya Ayuma.

Msichana akalia. Alikuwa amejiandaa kukemewa, kuulizwa alikuwa akifanya nini muhula mzima, kukumbushwa kwamba mama anabeba marobota kwa ajili yake. Badala yake alipewa firigisi. Akajua amesamehewa. Beldina aliyaona machozi hayo, akayahesabu kuwa ya furaha, akarudi kwenye ugali wake.

Laiti angesema amefeli, neno moja lisilo na pacha katika lugha yoyote. Lakini Beldina alilipiga neno hilo marufuku tangu watoto wakiwa wadogo, akidai linawavunja moyo, na waliolelewa humo walijifunza kulizunguka. Adabu nzuri kabisa, na ndiyo iliyowaponza.

Usiku nyuma ya pazia Andati alimweleza mkewe alivyoelewa. Yeye ni tarishi katika ofisi moja ya serikali, hubeba mafaili ya wahandisi kutoka meza hadi meza, na alikuwa amewasikia wakubwa wakilalamika kwamba vyuo hupoteza alama za watoto wao. Basi hata ya Ayuma ni hiyo. Kalkulasi aliipita, wamepoteza alama, watazitafuta wazipate. Kesho yake kazini hakuweza kunyamaza. Kila faili alilofikisha lilifika na habari ya binti yake, mpaka mhandisi mmoja akamwambia kwa mzaha kwamba karibu watakuwa wakimbebea yeye mafaili. Andati alicheka na mzaha huo siku nzima.

*

Chuo kilimpa Ayuma nafasi moja ya kurudia. Masomo yalikuwa muhula uleule uliokuwa unaanza, kila asubuhi ya siku za kazi, na mwanafunzi asiyeonekana kwa wiki mbili anafutwa jina, diploma yake yote inakufa hapo. Hayo yalibandikwa ukutani, naye aliyasoma kwa makini.

Asubuhi akitoka, babake alimuuliza anakwenda wapi, naye akajibu anakwenda chuo kwa ajili ya ile kalkulasi.

"Fuatilia," Andati alimwambia. "Usiwape nafasi ya kulala."

Yeye alikuwa anazungumzia makarani na alama zilizopotea. Ayuma alidhani anazungumzia masomo, akaona kweli babake amebadilika, akatembea hadi chuoni akiwa na moyo mwepesi.

Mwalimu aliyemwangusha alikuwa mtu wa kuandika ubaoni kama anakimbizwa. Safari hii alikuwa mwingine, mwanamke wa makamo aitwaye Nthoki, aliyekuwa akisimama katikati ya hesabu na kuuliza ni nani amepotea. Akiona mkono anafuta, anaanza tena bila kununa. Ayuma alikaa mbele na Ruqiyo, msichana wa Eastleigh aliyekuwa anarudia vilevile, na wiki haikuisha kabla hajaanza kuona jambo ambalo mwaka mzima alikuwa akiliona kama ukungu. Alikuwa anaelewa. Si kukariri, kuelewa. Alifika nyumbani akitaka kumweleza mtu, na hakukuwa na mtu wa kumweleza, basi akawa anafua nguo huku anatabasamu peke yake pale bombani.

Ijumaa moja Nthoki alifunga darasa kwa kuwaambia kwamba walichokuwa wakifanya kilikuwa matayarisho. Jumatatu wataingia kwenye jambo lenyewe. Wengi wao waliangukia hapo mara ya kwanza, akasema, kwa hivyo atakwenda polepole, ila wasikose.

*

Jioni ya Ijumaa hiyohiyo Ayuma alimkuta Opicho nyumbani, ameshika kikombe cha chai. Opicho ni mzee wa kanisa lao, na siku za kazi ni nyapara wa saiti moja ya maghorofa upande wa Embakasi. Karani wake alikuwa ameacha kazi ghafla. Alihitaji mtu wa kupokea malori ya simiti na kokoto, na ingefaa awe mtu anayeweza kuisoma ramani ya jengo. Alipomsikia Andati kanisani akitangaza kwamba binti amemaliza, akaona Mungu amejibu. Kazi ni ya ukarani kwa sasa, lakini cheti kikitoka mhandisi wa saiti atamchukua awe msaidizi wake. Kuanza ni Jumatatu. Akikosa Jumatatu, kuna mpwa wa mwenye jengo anayeitaka.

Beldina alishika mikono kifuani. Andati alikuwa ameshasimama, mtu mwenye mgeni na furaha hawezi kukaa. Ni Ayuma pekee aliyebaki mlangoni na begi lake begani.

"Na chuo, baba?"

"Chuo gani tena? Si ulisema imebaki kalkulasi tu?"

"Ndiyo. Kalkulasi Two."

"Basi. Kalkulasi tu ndiyo ya kumfanya mtu akatae kazi?"

Ayuma alimtazama. Maneno aliyoyasikia ni kwamba babake anaijua Kalkulasi Two kwa jina lake, ameipima na kazi ya ukarani, na ameona haina uzito. Akajaribu mara moja zaidi, kwa sauti ndogo kwa sababu ya mgeni. "Jumatatu ndiyo wanaanza kitu chenyewe."

"Waachie wenyewe huko chuoni," Andati akasema. "Ni kazi yao, si yako. Wewe umeshafanya sehemu yako."

Opicho akacheka kidogo, akasema kijana wa siku hizi anapenda darasa kuliko kazi, huo nao ni mtihani mwema. Wote wakacheka naye. Wakashikana mikono, wakaomba. Ayuma aliomba macho yakiwa wazi, akiangalia viatu vya babake, na alimwonea mzazi wake uchungu ambao hakuwahi kuusikia tangu azaliwe. Aliposamehewa kwa kuanguka alikuwa amempenda sana mzee huyu. Sasa akajiambia kwamba kumbe hakusamehewa. Kumbe baba hakuwa amejali tangu mwanzo.

Tusimwonee Andati peke yake. Msichana angeweza kumshika mkono pembeni baada ya mgeni kuondoka, akamwambia baba, wataniondoa chuoni. Hakufanya hivyo. Sehemu yake moja ilikuwa imeumia, na mtu aliyeumia hupenda kunyamaza ili aliyemuumiza ajione. Sehemu nyingine, hiyo hakuikiri hata kwa Ruqiyo, ilikuwa imepata nafuu. Alikuwa anaogopa kuanguka mara ya pili. Mtu akikukataza kuingia chumba cha mtihani, huwezi kutoka humo ukiwa umeshindwa.

*

Saitini walimpa kofia ya plastiki na gamubuti za mpira zilizomzidi miguu. Opicho alimtambulisha kwa mafundi kuwa injinia wetu, nao wakalichukua jina hilo wakawa wanalitumia kila lori likiingia, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Injinia, kuna kokoto. Injinia, dereva anataka sahihi. Alisimama getini juani kutwa akiandika nambari za malori, na mhandisi mwenyewe, kijana aliyevaa miwani, alipita karibu naye bila kumsalimu. Siku moja alimuuliza cheti kinatoka lini. Ayuma akasema karibuni, halafu akajichukia.

Ruqiyo alimpigia wakati wa chakula cha mchana.

"Niaje Ayuma, mbona umepotea? Ticha amesoma jina lako mara ngapi. Na vile anafunza hiyo kitu sahi, wallahi, imeshika. Hata mimi nimeishika. Kuja hata kesho."

"Buda amesema niwache."

"Uwache Two?"

"Amesema na mdomo wake. Eti niwawachie wenyewe."

Ruqiyo akauliza kama hawezi kumwongelesha babake tena, labda hakuwa ameelewa. Ayuma akajibu kwamba alimwambia mara mbili, tena mbele ya mzee wa kanisa, na kama mtu hataki kuelewa utamfanya nini. Kutoka hapo akawa hapokei simu za Ruqiyo. Wiki mbili zikapita, na ukutani chuoni pakabandikwa karatasi nyingine, lakini Ayuma hakwenda kuisoma. Alijua.

Nyumbani aliongea kidogo. Beldina alimwona akila akiwa ametazama chini, akamwambia mumewe kwamba jua la saitini linamchosha mtoto. Andati alisema kazi ya kwanza ni hivyo, atazoea. Alimnunulia kofia ya kitambaa avae chini ya ile ya plastiki isimuumize. Ayuma alishukuru, akaiweka chini ya godoro, hakuivaa hata siku moja.

*

Desemba ilipofika na mahafali yakakaribia, Andati alianza kuuliza habari ya joho. Ayuma alimjibu kwamba hajaitwa. Mzee akaona haya ni yaleyale ya alama, wamelala huko, na mtoto yuko kazini hana nafasi ya kufuatilia. Aliomba ruhusa kazini, akavaa suti ya kanisa, akaenda chuoni bila kumwambia mtu. Alitaka arudi na habari njema mfukoni.

Alikaa kwenye benchi na wanafunzi wa umri wa Ayuma, ambao walimpisha mbele kwa sababu ya mvi zake. Karani alikuwa msichana mpole aitwaye Falis. Aliandika jina kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Mzee, huyu hayuko kwenye orodha ya mahafali. Hata hayuko chuoni tena."

Andati alitabasamu kama mtu anayejua kosa liko wapi. Alikuwa amejiandaa kwa hili. Akamweleza polepole kwamba wamepoteza alama zake, ni kalkulasi tu iliyobaki, na hiyo kalkulasi mtoto aliipita, yeye babake aliyasikia matokeo kwa masikio yake.

"Alipita One," Falis akasema. "Ni Two iliyobaki. Alifeli, akapewa nafasi ya kurudia. Alianza vizuri, mwalimu wake hata ameandika hapa kwamba anaendelea vizuri sana. Halafu akawacha kuja."

"Ndiyo hiyo ninayosema, mama. Kalkulasi tu."

Falis alimtazama akidhani mzee anamchezea. Kisha akaelewa kwamba hachezi. Akainua mkono juu ya kaunta, akamwonyesha vidole. Kimoja. "Hii ni One, alipita." Akaongeza cha pili. "Hii ni Two."

Andati alivitazama vile vidole viwili kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu viwili. Nyuma yake kwenye benchi vijana wote walikuwa wanasikiliza. Aliuliza kama mtoto anaweza kurudi Januari amalizie. Falis alisema hapana, aliyefutwa hurudi kwa kuomba upya na kuanza mwaka wa kwanza, na alilisema kwa huruma sana hivi kwamba Andati akatamani angefokewa. Akasema asante. Akatoka nje. Kulikuwa na wanafunzi kwenye nyasi wakipigana picha wakiwa wamevaa majoho ya kujaribia, na mzee akapita katikati yao akiomba radhi kila hatua.

*

Ayuma alipofika jioni alimkuta babake bado na suti. Beldina alikuwa anamenya viazi vitamu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshaambiwa.

"Kuna kalkulasi ngapi?" Andati akauliza.

Ayuma alikuwa anavua gamubuti. Aliacha moja mguuni. "Mbili, baba."

"Mbili."

"One na Two. Nilikuambia. Nilikuambia imebaki Two."

"Uliniambia imebaki tu."

Ayuma alilirudia neno lile kwa midomo bila sauti, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili, na Beldina akaacha kumenya kwa sababu aliona uso wa mwanawe ukilegea kama wa mtu anayesinzia. Firigisi. Fuatilia. Waachie wenyewe huko chuoni. Yote yalimpitia Ayuma akiwa amesimama na kiatu kimoja.

"Nilidhani umenisamehe," akasema. "Halafu nikadhani umeidharau."

"Ningeidharau vipi na sikujua iko?" Sauti ya Andati ilikuwa ya chini sana. "Hata ungenifokea, mwanangu. Hata ungenifokea mbele ya Opicho."

"Ningekufokeaje wageni wakiwa ndani?" Ayuma akasema, na hilo ndilo lililomliza mwenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli na lilikuwa upuuzi.

Beldina alimvuta binti yake akamkalisha chini kando yake, akamvua ile gamubuti ya pili. Alisema yeye ndiye aliyekataza neno la kufeli nyumbani, kwa hivyo wamlaumu yeye. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyemfariji pia. Kwa jirani redio ilikuwa inasoma habari, na kwa mara ya kwanza Andati hakujali kama safu nzima inawasikia.

Baada ya muda alivuta kiti akaketi karibu na sinia la viazi. Alitaka kujua. Aliuliza hiyo ya pili inafundisha nini hasa, kwa sababu alikuwa ameipoteza na hakujua hata ni kitu gani alichopoteza.

Ayuma alipangusa uso kwa mkono. Kwanza alisema ni hesabu ndefu, haielezeki. Kisha akachukua kiazi kimoja kilichopinda kama viazi vya kwao vinavyopinda, akamuuliza babake jinsi ya kujua ukubwa wake wote, ikiwa hakina pembe wala hakijanyooka, huwezi kukipima kwa rula. Andati akasema hajui. Ayuma akachukua kisu cha mamake, akakikata vipande vyembamba, vingine vipana, vingine vidogo, akavilaza kwa mstari kwenye sinia. Kila kipande peke yake ni karibu duara, akamweleza, na duara unaweza kulipima. Kadiri unavyokata vyembamba ndivyo unavyoukaribia ukweli. Sauti yake ilikuwa imeanza kupata nguvu. Beldina aliacha kazi akawa anasikiliza, na Andati alikuwa ameinama juu ya sinia, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyewekwa mbele.

"Nimeelewa," akasema, na alikuwa ameelewa kweli. "Lakini ukikata vyembamba sana, si vitakuwa vingi visihesabike?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa unavijumlisha vipi?"

"Kuna njia ya kuvijumlisha vyote kwa pamoja. Mara ya kwanza haikuniingia. Ndiyo iliyoniangusha."

"Na huyu mwalimu mpya aliielezaje?"

Ayuma aliweka kisu chini. Vipande vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi pembeni.

"Sijui, baba. Hiyo alifundisha Jumatatu ile."